Dhahabu Iliyobaki Ndani ya Bahasha

Simu iliita saa tatu usiku, miwani nimeshaivua. Alikuwa yule mzee wa Chumbageni, mstaafu wa reli, mtu ambaye hapigi simu baada ya isha ila kuna msiba. Nikapokea moyo ukinidunda. Kumbe anacheka.

"Fundi, sauti imefunguka! Shakila yuko hapa sebuleni, namsikia mpaka anapovuta pumzi. Na lile gitaa la besi, wallahi nilishasahau kama lipo. Dhahabu ni dhahabu, bwana."

Nikasema alhamdulillahi. Akaniombea dua ya riziki, akakata.

Nilibaki ukingoni mwa kitanda, simu mkononi. Zile pini za dhahabu alizokuwa akizisifu zilikuwa zimelala ndani ya bahasha ya kaki nyuma ya amplifaya yake, pale pale nilipoziweka mwenyewe. Sikuwa nimefunga hata moja.

Mwanawe yuko Muscat. Alipokuja likizo alimkuta baba yake akisikiliza kanda za taarabu za Shakila na Black Star kwa spika mbili kubwa za mbao, nyaya zimesokotwa kwa vidole na kuchomekwa hivyo hivyo. Hakupenda. Aliporudi kazini akatuma pini nane zilizopakwa dhahabu, na ujumbe kwamba fundi azifunge. Nane kwa sababu spika ni mbili, kila moja inafungwa nyaya mbili, na kila waya una ncha mbili.

Nilifika baada ya alasiri. Amplifaya ni ya Ulaya, nyuma ina nguzo za kukaza kwa vidole, kila nguzo ina tundu la milimita 4 katikati. Humo pini zingeingia bila shida. Taabu ilikuwa kwenye spika. Ni za miaka mingi, zina vibanio vya springi, vile unavyobonyeza ukaingiza waya mtupu ukaachia. Pini nene kama ile haipiti humo hata uibembeleze. Nikamwambia mzee nitarudi na nguzo za kubadilishia, nizifunge zote siku moja, maana kazi ya nusu siipendi. Alikuwa kibarazani na kiredio chake sikioni, taarifa ya habari inasomwa. Akatikisa kichwa. Sijui alimtikisia nani, mimi au msomaji.

Kwa kuwa nilishapiga magoti nyuma ya kabati, nikazitazama nyaya. Ncha zilikuwa nyeusi, mbili zimeota kijani. Tanga ni mji wa chumvi. Kusi ikivuma, hata kufuli la mlango linalalamika. Nikakata sentimita mbili kila ncha, nikachuna, shaba ikatoka nyekundu kama ya jana. Hapo ndipo nikaona kwamba spika ya kushoto imefungwa kinyume: waya wenye mstari mwekundu uko kwenye kibanio cheusi. Nikaugeuza. Nikakaza, nikavuta kuhakikisha, nikatoka mbio kuwahi magharibi. Mzee ana goti bovu, hainami nyuma ya kabati. Alichokiona yeye ni fundi kaingia na bahasha, katoka bila bahasha.

Spika iliyofungwa kinyume haiungui wala haikwaruzi. Isikilize peke yake, iko sawa kabisa. Ubaya wake ni inapokaa na mwenziwe. Ya kulia inasukuma hewa mbele, ya kushoto wakati huo huo inaivuta nyuma, na mawimbi marefu ya besi yakikutana chumbani yanauana. Mwimbaji naye hasimami tena katikati mbele yako. Mara yuko jikoni, mara yuko ndani ya kichwa chako. Ukitaka kuhakikisha, chukua betri ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi: karatasi ya spika inaruka mbele. Geuza betri, inarudi nyuma. Baba alinifundisha hilo kabla hajaniruhusu kushika pasi ya lehemu. Taarabu ya Black Star ina gitaa la besi linalotembea chini ya mwimbaji kama mtu anayembebea mzigo, na huyu mzee wangu alikuwa amesikiliza nyimbo zilizokatwa miguu kwa miaka ambayo Mungu ndiye anayeijua hesabu yake.

Basi furaha yake ilikuwa ya kweli. Sauti ilibadilika, masikio yake hayakumdanganya. Uongo ulikuwa kwenye sababu tu, na sababu hiyo aliitaja yeye. Mimi nilisema alhamdulillahi, na hata hiyo ilikuwa kweli. Je, mtu anayefurahia jambo la kweli kwa sababu isiyo ya kweli, mimi ninayeijua ya kweli nina deni naye?

Pini hizi zinaitwa banana, jina zilizonalo tangu miaka ya 1920, kwa sababu ya umbo lake lililotuna katikati. Kwa Kiingereza ni tunda. Lakini mimi nilipokuwa mtoto katika duka la baba, barabara ya 9 Ngamiani, nikimsikia akisema "nipe hiyo banana", nilisikia Kiswahili: kitu na kitu vinabanana. Na kwa maoni yangu nilikuwa sahihi kuliko waliolitunga jina. Pini ile ina vijani vya chuma vilivyovimba; ukiisukuma tunduni vinabonyea, vinasukuma ukuta wa tundu kwenda nje, tundu nalo linavibana kwenda ndani. Umeme unapita vizuri pale vyuma viwili vinapobanana kwelikweli. Vikigusana kwa haya, kama wachumba mbele ya wazazi, leo utapata sauti na kesho mikwaruzo.

Nguzo za amplifaya za Ulaya huja vitundu vyake vimezibwa kwa vizibo vya plastiki, na watu hudhani ni urembo. Huko soketi nyingi za ukutani ni matundu mawili ya duara, na plagi yao ndogo ina vijiti vya milimita 4, unene ule ule wa banana. Mtoto akiokota waya wa spika wenye pini hizi anaweza kuuchomeka ukutani. Sisi soketi zetu zina matundu matatu bapa na kifuniko ndani, lakini nani kati yetu hajakifungua kifuniko hicho kwa kalamu ya wino ili achomeke chaja? Kwenye nyumba yenye wajukuu nalisema hili kabla sijataja bei.

Neno jingine ninalolipenda ni kiungo. Kiswahili kimelitumia neno hilo moja kwa goti, kwa bizari, na kwa mahali nyaya zinapokutana. Bizari unataka uionje. Goti ni kinyume chake: siku ukianza kulihisi, ujue limeharibika. Kiungo cha waya ni ndugu wa goti. Kikiwa kizuri hakisikiki kabisa, na mimi maisha yangu yote nimekula kwa kuuza kitu ambacho kikiwa kizuri hakisikiki. Unaona mlango ulivyo wazi kwa shetani.

Hesabu ni hii. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, mita 6 kwenda na mita 6 kurudi, unauzuia umeme kwa omu 0.14 hivi. Spika ni ya omu 8. Kiungo kilichokazwa sawasawa kinaongeza sehemu chache za elfu za omu moja. Kiwe cha shaba ya njano, kiwe cha dhahabu, tofauti yake inazama ndani ya waya kama kijiko cha maji baharini. Watu hudhani dhahabu hupitisha umeme kushinda vyote. Sivyo. Fedha ndiyo ya kwanza, shaba nyekundu ya pili, dhahabu inafuata nyuma yao. Tena dhahabu ya pini ni ngozi tu, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, juu ya shaba ya njano. Sifa yake iko kwingine: haishiki kutu. Hewa ya bahari inaikuta leo, inaikuta baada ya miaka, almuradi haijakwanguliwa, ni ile ile.

Kwa hiyo muuzaji akisema "sauti itakuwa tamu zaidi" amesema uongo. Akisema "hutakuwa unachuna ncha kila kusi ikipita" amesema kweli. Bidhaa ile ile, bei ile ile, na kati ya halali na haramu kuna sentensi moja.

Mwenye nyumba ambaye haihamishi spika yake namwambia waya mtupu si aibu, akate na kuchuna upya ncha zikigeuka rangi. Ila asizipake lehemu kabla ya kuzikaza chini ya skrubu, kama wanavyofanya vijana wakidhani ni ustadi. Lehemu ni laini, inasalimu amri polepole chini ya mkandamizo, na baada ya miezi kiungo kinalegea chenyewe. Anayechomoa na kuchomeka kila wiki, banana. Anayetaka kukaza akasahau, lagi yenye uma wa kukumbatia nguzo. Yaliyobaki ni mfuko wake.

Baba alikuwa na tabia iliyoniudhi. Waya wa kawaida wa spika una nyuzi kama thelathini. Akichuna na kisu kikakata uzi mmoja tu, alikuwa anakata ncha yote na kuanza upya. Mimi nimesimama na tochi, mteja amesimama na haraka zake. Siku moja nikamwuliza, nani atasikia uzi mmoja?

"Hakuna," akasema. Akaendelea kuchuna.

Nimelirudia jibu hilo miaka arobaini. Uzi wa baba hausikiki, dhahabu ya muuzaji haisikiki. Kwa nini moja inanyanyua mtu na nyingine inamzamisha? Kwanza nilijiambia ni suala la muda, kwamba uzi uliokatwa leo utakuwa kasoro ya kesho. Si kweli. Nyuzi ishirini na tisa zingebeba muziki ule mpaka nyumba iporomoke. Jibu nililoona lina uzito ni la nani analipa. Kisichosikika cha baba kilimgharimu baba: dakika zake, waya wake, subira yake. Kisichosikika cha muuzaji kinamgharimu mnunuzi. Chuoni tulisomeshwa maana ya ihsani, kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, na kama humwoni, Yeye anakuona. Nilikuwa na miaka minane, nikadhani inahusu sala.

Ipo hadithi ambayo sidhani kuna mfanyabiashara Mwislamu asiyeijua. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akaingiza mkono kwenye lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye lundo akasema mvua imeinyeshea. Akaulizwa mbona hakuiweka juu watu waione. Katika biashara yangu lundo lile ni roli la waya. Kwa nje shaba. Ukikwangua kwa kisu ndani ni nyeupe, aluminiamu iliyovikwa shaba. Ni nyepesi mkononi, ukiikunja mara chache inakatika, na ili ipitishe sawa na shaba tupu inabidi iwe nene zaidi. Kuiuza si kosa, kosa ni kuiita shaba. Mimi huwakwangulia wateja mbele ya macho yao, na kwa sababu hiyo nilikuwa nimeshajiandika, kimoyomoyo, katika orodha ya waaminifu.

Usiku ule wa simu nikamkumbuka Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika kazi yake Ihyaa ana kitabu cha adabu za kuchuma, na humo anamtaka muuzaji asiisifu bidhaa kwa kisichokuwamo, asifiche aibu yake, asifiche kipimo, asifiche bei. Nikazipitia moja moja kitandani. Sikusifu. Sikuficha aibu. Kipimo hakikuwapo. Bei, mzee alinilipa kazi ya nyuma ya kabati na kazi niliifanya. Tena nilimwambia nitarudi, ni yeye aliyekuwa anasikiliza habari. Nikajiona nimetoka salama, usingizi ukanichukua. Nafsi ndivyo inavyosoma vitabu, inatafuta ukurasa wa kulalia.

Wiki iliyofuata wakaja watu watatu, wote wa baraza moja ya kahawa, wanataka pini za dhahabu. Mzee alikuwa amehutubia. Niliagiza Kariakoo. Wa kwanza nikamuuzia bila neno. Wa pili akaniuliza, "Zitafungua sauti kama za mzee?"

Nikasema, "Inshallah."

Neno hilo nalitamka mara ishirini kwa siku na huwa linanipumzisha. Siku ile lilinikwama kooni kama mwiba wa changu. Nililitumia kama kibanio cha springi: unabonyeza, unaficha ncha, unaachia. Kunyamaza kwangu kulikuwa kumeanza kuingiza pesa.

Nikaenda kwa ustadhi mmoja ninayemheshimu, na sikwenda mikono mitupu, nilibeba hoja. Nikamwambia, tumefundishwa kwamba imeruhusiwa kusema kisichokuwa ili kupatanisha watu. Huyu mzee amemfurahia mwanawe aliye mbali. Nikisema kweli, nitaiondoa zawadi ya kijana moyoni mwa baba.

"Wamegombana?" akauliza.

"Hapana."

"Basi unampatanisha nani na nani?"

Akaniacha na kikombe changu cha chai, akaenda kusomesha watoto.

Nilianza na wateja. Wa kwanza alirudishiwa pesa, akashukuru, nadhani alikuwa ameshajuta bei. Wa tatu nilimzuia kabla hajalipa. Wa pili alikataa katakata. Anasikia tofauti, akasema, na fundi gani huyu anayeibomoa kazi yake mwenyewe. Nikamwambia fumba macho, nibadilishe huku na huku mara kumi, uniambie zipi ni zipi. Hakutaka. Nilifungua mdomo nimshinikize, nikaufunga. Kama lengo ni kumtoa uongoni, nilikuwa nimeshasema. Kama lengo ni kumshinda, hiyo ilikuwa haja yangu mimi. Mpaka leo anasikiliza dhahabu yake, na mimi sijaingia ndani ya sikio lake nikaona kilichomo.

Kwa mzee nilikwenda mwisho, Alhamisi, na nguzo nne mpya na betri mfukoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Mbona sura hiyo?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia kwenye vibanio badala ya kuanzia kwenye bahasha, nikarudi nyuma. Alinisikiliza mkono juu ya goti. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo ni waya uligeuka tu?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Sijui, mzee. Labda tangu siku spika ziliposogezwa hapa."

"Zilisogezwa tulipopaka nyumba rangi, marehemu mke wangu yupo." Akanyamaza. "Hebu urudishe ulivyokuwa, nisikie."

Nikarudisha. Akaweka kanda. Besi ikatoweka, Shakila akahamia jikoni. Mzee aliisikiliza sauti ile mbovu kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akanyanyua mkono: geuza. Nikageuza. Gitaa likaingia chumbani.

"Miaka yote hiyo," akasema, "nilidhani ni masikio yangu yanakwisha. Sikumwambia mtu."

Sikuwa na la kusema. Katika mizani yangu yote ya siku zile, ya deni na zawadi na Ghazali, jambo hilo sikulipima kabisa, kwamba ningeweza kumwacha mtu afe akidhani dhahabu ndiyo iliyomponya uziwi ambao hakuwa nao.

Baadaye akauliza, "Na zile pini?"

"Ziko nyuma ya amplifaya. Lakini mzee, hazitabadilisha sauti."

"Nani amezungumzia sauti? Kijana hupiga simu ya video kila Ijumaa. Atataka kuziona."

"Akiuliza zimefanya nini?"

Akafikiri. "Hizo ulisema hazishiki nini?"

"Kutu."

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi nitamwambia hazishiki kutu."

Nikachomoa vizibo vya plastiki kwenye nguzo, nikaanza kuchuna ncha ya kwanza. Kisu kikala uzi mmoja. Mzee alikuwa ameegemea kabati kwa mguu wake mzima, ananimulikia tochi, na mwanga ukawa unatetemeka kidogo. Nikakata ncha yote, nikaanza upya.

"Mbona umeikata?" akauliza.